Panya wa nyasi, chungu cha nyumbani na ugonjwa wa kisukari

Kiangazi kinapokausha nyasi katika kata ya Lobule, wilayani Koboko, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, panya wa shambani huonekana mchana kweupe. Huyu si yule panya wa darini anayetembea usiku na kutoboa magunia wakati watu wamelala. Ni panya wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, mwenye uzito wa kama gramu mia moja, ambaye huamka na jua na kulala linapokuchwa. Chakula chake ni majani, mashina na mbegu. Wakulima hawampendi, kwa kuwa hajui mpaka kati ya nyasi za porini na mtama wa mwenye shamba.

Wataalamu humwita panya wa nyasi wa Mto Nile, na makazi yake yameenea kutoka Misri hadi Afrika Mashariki. Watafiti wa ugonjwa wa tauni waliotega mitego katika eneo la Nile Magharibi walimkuta mara nyingi katika mashamba na vichaka vilivyo karibu na nyumba. Kwa sababu hiyo yafaa wazazi wawakataze watoto kuwashika panya, hasa wale waliokutwa wamekufa, kwa maana viroboto wao huweza kuleta tauni.

Lakini panya huyu ana habari nyingine ambayo ni wachache wanaoijua. Jamaa zake wamefugwa katika maabara za Marekani kwa zaidi ya miaka 30, na wamewasaidia wataalamu kulitazama upya swali linaloulizwa katika nyumba nyingi: je, ugonjwa wa kisukari hutoka katika damu ya ukoo, au hutoka chunguni?

Swali hilo si la mchezo. Uchunguzi uliofanywa Uganda nzima mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 1,000, watu kama 14 walikuwa na kisukari, na karibu nusu ya wagonjwa hao hawakuwa na habari kwamba wanaugua. Mtu asiyejua kuwa anaugua hatafuti tiba, na kisukari kisichotibiwa huharibu macho, figo, mishipa na miguu polepole, bila kupiga hodi.

Katika nyumba nyingi hukumu hutolewa mapema, na hukumu hizo ni za namna mbili. Wako wanaosema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Babu aliugua sukari, baba akaugua sukari, basi hakuna la kufanya ila kungoja zamu. Na wako wanaosema kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri na watu wanene. Mwanamke mwembamba akirudi kutoka zahanati na kuwaeleza majirani alichoambiwa, huulizwa: "Mama, wewe mwili wote huo ni mifupa, sukari imekupataje?" Hapo ndipo huanza kutafutwa aliyemroga. Hukumu zote mbili zina makosa, na zote mbili hupoteza watu.

Shanga zilizotungwa katika uzi

Ili kufahamu kilichogunduliwa, hapana budi kwanza kueleza jinsi urithi unavyochunguzwa. Kila kiumbe hubeba maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili wake katika chembe za urithi ziitwazo jeni. Jeni hizo zimepangwa juu ya nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Binadamu ana jozi 23 za nyuzi hizo, na panya mdogo wa nyumbani ana jozi 20. Katika kila jozi, uzi mmoja hutoka kwa baba na wa pili hutoka kwa mama.

Panya mdogo wa nyumbani alichaguliwa kwa kazi hii kwa sababu zinazoeleweka. Mimba yake ni ya wiki tatu tu, watoto wake hukua upesi, nao huweza kulishwa chakula cha aina moja kilichopimwa. Haiwezekani kuwafungia binadamu katika chumba kwa vizazi vitatu na kuwapimia kila tonge wanalokula. Kwa panya inawezekana.

Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, Marekani, walizaliwa panya walionenepa kupita kiasi. Walikula bila kushiba, na uzito wao ukafikia hata mara tatu ya uzito wa wenzao. Wazazi wao walikuwa na mwili wa kawaida, lakini kila mmoja wao alibeba jeni moja yenye kasoro, na mtoto aliyepata kasoro hiyo kutoka pande zote mbili alikuwa mnene. Mwaka 1966 taarifa ya ukoo wa pili ilitolewa katika maabara hiyo hiyo. Hao walikuwa wanene vilevile, na juu ya unene wakapatwa na kisukari kikali.

Mtaalamu mmoja wa hapo, Douglas Coleman, aliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili wawili. Alipomwunganisha panya wa kawaida na yule wa ukoo wa pili, panya wa kawaida aliacha kula mpaka akafa kwa njaa. Alipomwunganisha panya wa kawaida na yule wa ukoo wa kwanza, yule mnene ndiye aliyepunguza kula. Coleman akakata shauri kwamba katika damu mna kitu kinachopeleka habari ya shibe. Panya wa ukoo wa kwanza hana tarishi wa kupeleka habari hiyo. Panya wa ukoo wa pili tarishi anaye, tena tele, lakini mlango wa kupokea barua umefungwa.

Ilichukua zaidi ya miaka 20 kumwona tarishi mwenyewe. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliitambua jeni yenye kasoro katika ukoo wa kwanza, ambayo iko kwenye kromosomu ya 6 ya panya. Jeni hiyo hutengeneza homoni inayotoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba imetosha. Homoni hiyo iliitwa leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza walitoa habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini. Mmoja wao alipodungwa sindano za homoni hiyo, njaa yake ilitulia na uzito wake ukapungua. Hata hivyo, kasoro ya namna hiyo ni ya nadra mno. Watu wengi wanene wana leptini ya kutosha, na sindano hiyo haiwafai.

Jeni moja, koo mbili

Mwaka 1973 Coleman na mwenzake walieleza jambo lililokuwa na uzito mkubwa zaidi kwa wanaofikiri juu ya kisukari. Waliichukua ile jeni ya unene ya ukoo wa kwanza na kuiingiza, kwa njia ya kuzalisha, katika koo mbili tofauti za panya. Katika koo zote mbili panya walinenepa. Lakini katika ukoo mmoja sukari ilipanda kwa muda kisha ikashuka, kwa kuwa kongosho liliongeza kazi na kutoa insulini ya kutosha. Katika ukoo mwingine kongosho lilishindwa, na panya wakapata kisukari kikali. Ilikuwa jeni ile ile na unene ule ule, lakini mwisho wao haukuwa mmoja.

Maana yake ni kwamba zipo jeni nyingine, zilizojificha, ambazo huongeza au kupunguza nguvu ya ile ya kwanza. Kuzitafuta hizo ndiko kunakoitwa kuchora ramani ya urithi.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Panya wa ukoo mwembamba huzalishwa na panya wa ukoo mnene. Watoto wao huzalishwa wenyewe kwa wenyewe, na wajukuu wanapozaliwa, urithi wa mababu wawili huwa umechanganyika ndani yao kama karata zilizochanganywa. Kila mjukuu hupimwa uzito, mafuta, sukari na insulini. Kisha alama maalumu husomwa katika kila sehemu ya kromosomu zake ili kujua ni sehemu ipi iliyotoka kwa babu mnene na ipi kwa babu mwembamba. Ikiwa wajukuu wazito, kwa wingi wao, wana alama fulani ya babu mnene mahali pamoja, basi jeni inayohusika na uzito haiko mbali na mahali hapo. Kwa njia hiyo mamia ya panya hupimwa ili kupata kipande kimoja cha ramani.

Kazi hii imewafundisha wataalamu mambo mawili. Kwanza, mahali panapohusika na uzito si lazima pawe ndipo panapohusika na sukari. Panya anaweza kuwa mnene bila kuugua, na mwingine akaugua akiwa na unene mdogo tu. Pili, jeni zinazohusika ni nyingi, na kila moja huchangia kidogo. Kwa binadamu hali ni hiyo hiyo. Taarifa iliyotolewa mwaka 2024, iliyokusanya habari za watu zaidi ya milioni 2.5 wa asili mbalimbali, ilitaja sehemu 611 za urithi zinazohusiana na kisukari cha watu wazima. Kwa hiyo msemo wa "jeni ya kisukari", kana kwamba ni moja, hauna msingi.

Panya kutoka Maasai Mara

Hapo ndipo panya wa nyasi anapoingia. Mwaka 1993 panya wa aina hiyo walikamatwa Maasai Mara, nchini Kenya, wakapelekwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Nia ya kwanza haikuwa kisukari. Watafiti walitaka kuchunguza usingizi wa mnyama anayeishi mchana kama binadamu. Wazao wa panya hao baadaye waligawiwa kwa vyuo vingine, kimojawapo kikiwa Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston.

Watunzaji waliwalisha chakula cha kawaida cha maabara, yaani vibonge vya nafaka ambavyo panya wadogo wa nyumbani na panya weupe hula maisha yao yote bila madhara. Lakini wengi wa panya wa nyasi walianza kuugua. Insulini yao ilipanda wakiwa bado vijana, mafuta yakajaa tumboni, na madume mengi yalikuwa na sukari nyingi katika damu kabla ya kutimiza mwaka mmoja au karibu na hapo. Porini, ambako hula majani na mashina magumu, maisha yao si hayo.

Taarifa za Brandeis zilizotolewa kuanzia mwaka 2010 zilionyesha kwamba walipopewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na kisichopandisha sukari haraka, panya hao walikingwa. Walipopewa chakula kilicho laini kwa tumbo, chenye wanga unaoyeyuka upesi, ugonjwa uliharakishwa. Mwaka 2019 watafiti wa chuo hicho walitoa habari za panya wa nyasi waliochaguliwa na kuzalishwa kwa kufuata koo, wengine wa koo zinazokubali kisukari na wengine wa koo zinazokikinza. Urithi ulionekana wazi, kwani koo hazikuwa sawa. Lakini chakula nacho kilionekana wazi. Wale wa ukoo dhaifu waliugua zaidi walipolishwa chakula kinachopandisha sukari haraka, na walinusurika zaidi walipolishwa kile kisichoipandisha.

Mwaka 2022 ilichapishwa ramani nzima ya urithi wa panya wa nyasi, herufi kwa herufi, ili iwe rahisi kuzitafuta jeni zinazomfanya awe mwepesi wa kupata kisukari. Kazi hiyo bado inaendelea.

Funzo la panya huyu lahitaji kutazamwa kwa makini. Chakula kilichomdhuru hakikuwa sumu, wala hakikuwa peremende. Kilikuwa chakula ambacho panya wa jamii nyingine hukila salama. Mwili uliozoea kula nyasi kwa maelfu ya vizazi ulipewa chakula kingine ghafla, na urithi uliomfaa porini ukawa mzigo ndani ya kizimba. Kwa hiyo urithi na chakula si mahasimu wanaogombania lawama. Ni kama mbegu na udongo. Mbegu ya ugonjwa inaweza kulala muda mrefu katika udongo usioifaa.

Hata hivyo, binadamu si panya. Hakuna mtu anayepaswa kula nyasi kwa sababu panya alipona kwa nyasi. Panya huwaonyesha wataalamu mahali pa kutazama, na baada ya hapo ni lazima watazamwe watu wenyewe.

Watu wa Uganda wapimwa

Jambo la kufurahisha ni kwamba watu wa Uganda wametazamwa. Mwaka 2019 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa urithi wa watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, kusini-magharibi ya Kampala, ambako Taasisi ya Uganda ya Utafiti wa Virusi na washirika wake wa Uingereza wamekuwa wakifuatilia afya za wananchi tangu mwaka 1989. Kabla ya hapo ramani nyingi za urithi wa binadamu zilichorwa kwa damu ya watu wa Ulaya, na kuwatumia Waafrika ramani hiyo kulikuwa sawa na kutafuta njia ya Koboko kwa ramani ya London.

Moja ya mambo yaliyogunduliwa lina manufaa ya moja kwa moja hospitalini. Kipo kipimo kinachoangalia sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambacho huonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Uchunguzi wa Uganda ulionyesha kwamba kasoro ya urithi ya chembe nyekundu iitwayo alfa-thalasemia, inayopatikana kwa wingi katika nchi zenye malaria, huyabadilisha majibu ya kipimo hicho hata kama sukari yenyewe haikubadilika. Kwa hiyo mgonjwa ambaye majibu yake hayalingani na dalili zake anayo haki ya kumwomba mganga apime tena kwa njia nyingine, mathalani sukari ya asubuhi kabla ya kula. Katika kipimo hicho cha asubuhi, kiasi cha 7.0 au zaidi, kwa hesabu ya milimoli kwa lita, kikirudiwa na kuthibitishwa, ni kisukari.

Jambo jingine linawahusu wale wembamba. Uchunguzi wa wagonjwa wazima 568 wa Uganda waliogunduliwa kuwa na kisukari hivi karibuni, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba karibu theluthi moja yao hawakuwa wanene. Wengi wa hao hawakuugua kwa sababu ya mafuta kuizuia insulini. Waliugua kwa sababu kongosho lao lilitoa insulini kidogo. Aidha, imepita zaidi ya karne moja tangu insulini ianze kuenea duniani, na bado aina za kisukari zinaendelea kutambuliwa: mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua rasmi aina inayohusiana na utapiamlo, yaani njaa ya muda mrefu tangu utotoni. Basi jirani anayemwambia mgonjwa mwembamba kwamba "sukari haiwezi kukupata" hana ukweli, na anayemtafutia mchawi anampotezea siku za tiba.

Nyumbani Lobule

Mambo hayo yanaihusu Lobule kwa namna ya pekee. Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2005. Tangu mwaka 2013 kata ya Lobule imewapokea wakimbizi kutoka Kongo, ambao wengi wao ni Wakakwa kama wenyeji waliowapokea, kwa kuwa kabila hilo liko Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Mtu aliyekuwa na shamba lake upande wa pili wa mpaka, akila mtama, muhogo, kunde, ufuta na mboga za majani alizozichuma mwenyewe, hujikuta amepewa kiwanja kidogo na kungoja mgawo wa chakula au fedha. Na mgawo wenyewe, kote Uganda, umekuwa ukipunguzwa tangu mwaka 2020.

Mabadiliko kama hayo ya chungu huja pamoja na mabadiliko ya mwendo. Aliyekuwa akilima kutwa hukaa bila kazi. Nafaka iliyokuwa ikisagwa kwa jiwe pamoja na pumba zake hufika ikiwa unga mweupe. Chai ya sukari huwa ndiyo chakula cha asubuhi, na wakati mwingine cha mchana. Hakuna anayepaswa kulaumiwa kwa hayo, maana mwenye njaa hachagui. Lakini mama wa nyumbani akiujua ukweli, kidogo alichonacho anaweza kukipanga vema.

Penye mtama au ulezi, unga usichekechwe mpaka ukawa mweupe, kwa kuwa pumba ndizo zenye nyuzinyuzi. Ugali wa muhogo usiliwe peke yake na mchuzi mtupu, bali tonge liwe dogo zaidi, na mboga ya kunde, maharage, mbaazi au majani ya kunde iwe nyingi zaidi. Karanga na ufuta uliopondwa hutia nguvu bila kuipandisha sukari kwa haraka. Sukari ya chai ipunguzwe kijiko kimoja kila wiki, na ulimi utazoea. Soda na vinywaji vitamu visiwe heshima ya mgeni, kwani maji safi ya baridi kutoka mtungini yana heshima yake. Hata kiwanja kidogo huweza kubeba mistari michache ya kunde, ambazo huliwa majani na mbegu.

Lakini onyo moja ni muhimu kuliko yote. Shauri la "punguza kula" ni la mgonjwa mnene. Mgonjwa mwembamba, mtoto, au mama mjamzito mwenye kisukari asipunguziwe chakula na ndugu kwa nia njema. Mtoto ambaye kongosho lake limekoma kutoa insulini hakuugua kwa kula vibaya, na hakuna mboga itakayochukua mahali pa sindano. Akinyimwa insulini atakufa, na akinyimwa chakula atadhoofika zaidi. Mgonjwa wa namna hiyo aelekezwe na mganga ale nini, kiasi gani na saa ngapi.

Dalili za kuangaliwa ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, kukonda bila sababu, kuona ukungu, uchovu, na vidonda visivyopona. Katika nyumba ambayo mzazi au ndugu wa tumbo moja anaugua kisukari, watu wazima wasingoje dalili. Waende kupimwa wakiwa bado na nguvu zao.

Kwa aliyeandikiwa insulini, tatizo la nyumba zisizo na umeme ni joto. Chupa isiwekwe juani, wala karibu na jiko, wala katika bati la paa. Wanawake wa Afrika Mashariki wana chombo cha siku nyingi kinachofaa, nacho ni mtungi wa udongo. Mtungi mdogo uwekwe ndani ya mkubwa, mchanga uliolowa ujazwe katikati, na chupa ya insulini iliyofungwa vizuri iwekwe ndani mahali penye kivuli na upepo. Maji yakikauka polepole, ndani hupoa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na madaktari wa Médecins Sans Frontières walitoa taarifa baada ya kujaribu insulini katika joto kama lile la kambi ya Dagahaley, nchini Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kwa wiki nne insulini haikupoteza nguvu zake. Kwa hiyo mgonjwa asiyekuwa na friji asikate tamaa wala asiache sindano, bali aulize kituoni jinsi ya kuitunza.

Panya wa nyasi ataendelea kula mtama wa watu wa Lobule, na wenye mashamba wataendelea kumfukuza. Huko maabara wataalamu nao wataendelea kuichora ramani yake, na siku moja huenda dawa mpya ikatoka humo. Kwa sasa, alilokwisha kulionyesha linatosha kuanzia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini mtoto wa mgonjwa wa kisukari si lazima awe mgonjwa. Urithi wake ni sababu ya kutazama chungu mapema na kwenda kupimwa mapema, wala si sababu ya kukaa na kungoja zamu.